Jarida la wanawake la kila wiki: tufuate njia ya Dundee, ya Sydney au ya London?

Kikoba chetu hapa Ipagala, Dodoma, hukutana Jumamosi saa tisa alasiri. Mwezi uliopita, hisa zilipokwisha kuhesabiwa na faini za wachelewaji kuingia sandukuni, mama mweka hazina alibaki amesimama. Akasema, "Jamani, mfuko wa jamii una akiba. Mimi naona tutoe gazeti letu, la wanawake, litoke kila wiki." Kikao kikachangamka. Wengine walitaka jarida la rangi lenye mishono ya vitenge. Wengine mapishi na malezi. Vijana wakataka hadithi za mapenzi. Bibi mmoja ambaye kwa kawaida husikiliza tu akasema anataka gazeti la kusema yale ambayo mwanamke akiyasema nyumbani anaambiwa anyamaze.

Mimi nina steshenari karibu na njia ya chuo kikuu. Nachapa, natoa fotokopi, nabaindi ripoti za wanafunzi. Macho yote yakanigeukia. "Mdogo wangu, mwenye mashine ni wewe," mwenyekiti akaniambia. "Hebu tuangalizie waliotangulia walifanyaje, utuletee tuchague."

Nimeangalia kwa wiki sita, usiku baada ya kufunga duka. Nilitafuta majarida ya wanawake yaliyodumu, kwa sababu kuanza si kazi. Matoleo matatu ya kwanza kila mtu anaweza kuyatoa kwa hamasa. Matatu ya nje yamenishika: The People's Friend la Dundee, Scotland, lililoanza Januari 1869 na mpaka leo hutoka kila wiki; Woman's Weekly la London, toleo la kwanza tarehe 4 Novemba 1911; na The Australian Women's Weekly la Sydney, lililozaliwa tarehe 10 Juni 1933. Nitayaweka sambamba, kisha nirudi nyumbani kwa Sauti ya Siti, jarida la wanawake wa Tanzania, maana kuna jambo ambalo hao wote watatu wamepungukiwa na sisi tulilifanya. Nisifiche: mimi nimeangukia Dundee. Lakini si kwa kila kitu, na kuna kikundi ambacho ningekiambia bila kusita kiende na Sydney.

Dundee, mji wa magunia

Dundee ni mji wa bandari mashariki mwa Scotland. Mtu wa Dodoma akitaka kuuelewa haraka afikirie gunia. Karne ya 19 mji ule uliishi kwa juti: nyuzi zililetwa kwa meli kutoka Bengal, zikalainishwa kwa mafuta ya nyangumi, zikasokotwa, zikafumwa magunia ambayo dunia ilibebea nafaka, kahawa na pamba. Wafanyakazi wengi viwandani walikuwa wanawake, kwa sababu matajiri waliwalipa ujira mdogo kuliko wa wanaume. Waume wengi walikosa kazi, wakabaki nyumbani, na mji ukawabandika jina: wachemsha birika. Kelele za mashine zilikuwa kubwa kiasi kwamba wanawake wale walielewana kwa ishara za mikono na kusomana midomo. Basi msomaji mwenyewe ndiye huyo, anatoka kazini jioni, masikio bado yanavuma, ana senti chache zilizo zake mwenyewe.

Mwanzilishi alikuwa mwanamume, John Leng, aliyefika Dundee mwaka 1851 kuhariri gazeti la Dundee Advertiser. Mwaka 1858 alianzisha People's Journal, gazeti la bei nafuu kwa wafanyakazi. Gazeti hilo lilikuwa na desturi ya kuwaalika wasomaji waandike wenyewe: barua, mashairi, mashindano ya hadithi za Krismasi. Karatasi zikamiminika mpaka nafasi ikawa haba. The People's Friend, yaani Rafiki wa Watu, lilianzishwa ili kuupokea mmiminiko huo.

Naomba hapa tusimame kidogo. Katika historia zote nilizosoma, jarida la wanawake huanza na bwana mmoja mwenye mtambo wa kuchapa akikisia wanawake wanataka nini. Hili lilianza kwa sababu watu walikuwa wameshaandika na pa kuyaweka hapakutosha. Wino ulitangulia jarida. Kwetu pia, nikikumbuka kikao kile, watu waliokuwa na la kusema walikuwa wengi kuliko dakika za ajenda.

David Pae, mwandishi wa riwaya, alilihariri kuanzia mwaka 1870 hadi alipofariki mwaka 1884, na tangu zama zake roho ya jarida imekuwa hadithi ya mfululizo. Baadaye jina kubwa likawa Annie S. Swan, aliyezaliwa mwaka 1859 na ambaye riwaya zake zilitoka humo sehemu kwa sehemu kwa miaka mingi. Anayedhani mfululizo ni jambo dogo hakukaa bweni la wasichana. Tulipokuwa sekondari tulichangishana kununua gazeti moja la hadithi kila wiki. Ukurasa wa mfululizo ulikatwa kwa wembe, ukazungushwa kitanda kwa kitanda, mpaka ukimfikia wa mwisho maandishi yamefutika kwenye mikunjo na inabidi asimuliwe sentensi zilizopotea. "Itaendelea wiki ijayo" ilitufanya tuvumilie ugali wa bwenini siku saba nyingine. Jarida la kila wiki linaishi juu ya hamu hiyo. Msomaji hanunui toleo hili peke yake. Anakuwa ameshajiahidi lijalo.

Mwaka 1905 biashara ya Leng iliungana na ya ukoo wa Thomson, na kampuni ya D.C. Thomson ndiyo inayolichapa hadi sasa. Jalada lake la miaka mingi lilikuwa mandhari ya Scotland iliyochorwa kwa rangi za maji: ziwa, kijiji, mlima wenye ukungu. Mchoraji alisomeka kuwa J. Campbell Kerr, kumbe ni jina walilolitumia wachoraji zaidi ya mmoja. Hakuna msichana mrembo wa kumfanya msomaji ajione ana kasoro. Mandhari tu. Nilipenda jambo hili kuliko nilivyotarajia. Nikawaza jalada letu likiwa miamba ya Dodoma, mibuyu isiyo na majani wakati wa kiangazi, shamba la zabibu la Hombolo, mama akitwanga uwele. Kila wiki sehemu nyingine, na msomaji wa Kondoa au Mpwapwa akingoja siku kwao watakapotokea.

Mwaka 2019 lilitimiza miaka 150. Mwaka 2023 kampuni ilipofunga machapisho yapatayo 40 na kupunguza wafanyakazi wapatao 300, Rafiki alibaki. Na mlango wa waandishi bado uko wazi: mtu yeyote anaweza kutuma hadithi, na miongozo ya namna ya kuandika inatolewa hadharani.

Sasa dosari zake, na ni kubwa. Baada ya mgomo mkuu wa Uingereza wa mwaka 1926 kampuni ile ilikataa kuajiri wanachama wa vyama vya wafanyakazi, na ilishikilia msimamo huo kwa miongo. Jarida lililonunuliwa kwa senti za wafanyakazi wanawake likawa chini ya mwajiri asiyetaka wafanyakazi waungane; jambo hilo linaniuma. Tena hadithi zake zina mipaka: zimwachie msomaji matumaini, zisiwe na ukatili, zisifunue chumba cha kulala. Mama anayepigwa na mumewe angesoma kurasa zile akapata pumzi ya saa moja, kitu ambacho sikidharau hata kidogo, lakini asingepata pa kusemea.

Sydney, gazeti lililotaka habari

Mwaka 1933 Australia ilikuwa ndani ya mdororo mkuu wa uchumi. Frank Packer na E. G. Theodore, mwanasiasa aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa nchi, walikuwa na mtaji. Mwandishi George Warnecke alikuwa na wazo. Wazo lenyewe: wanawake wapewe gazeti lenye habari za kweli, si sindano na sufuria pekee. Toleo la kwanza lilikuwa kama gazeti la kawaida, la rangi nyeusi na nyeupe, bei peni mbili. Ukurasa wa mbele ulizungumzia haki sawa za kijamii kati ya wanawake na wanaume. Zilinunuliwa nakala zaidi ya 120,000, katika mwaka ambao watu walihesabu kila peni.

Lilivyokua, halikuogopa uzito. Mwaka 1941 lilimtuma mwandishi wake Adele Shelton Smith hadi Malaya kuandika jinsi wanajeshi wa Australia walivyokuwa wakiishi huko, ili mama na wake waliobaki wapate kujua. Wanawake walishika usukani wa uhariri: Alice Jackson tangu mwaka 1939, Esme Fenston tangu 1950 hadi 1972, kisha Ita Buttrose mwaka 1975. Miaka 22 mikononi mwa mhariri mmoja! Vikundi vyetu hubadilisha uongozi kila mwaka na kila mpya huja na katiba yake, kwa hiyo mfano wa Fenston niliusoma mara mbili.

Halafu kuna jiko. Sydney walijenga jiko la majaribio ambako pishi hupikwa na kurudiwa kabla ya kuchapwa. Hili ndilo ningeliiba mchana kweupe. Ni mara ngapi tumesoma pishi la keki, tukafuata kila neno, na unga, mayai na siagi vikaishia kwa kuku? Kwa mama anayenunua unga wa kupima, pishi lisilojaribiwa ni hasara ya siku mbili. Mwaka 1980 jiko hilo lilitoa kitabu cha keki za siku ya kuzaliwa za watoto ambacho kimeuzwa zaidi ya nakala milioni moja, chenye keki ya treni kwenye jalada, na wazazi waliokula keki hizo utotoni leo wanawapikia watoto wao.

Mwishoni mwa mwaka 1982 likaacha kutoka kila wiki, likawa la kila mwezi. Jina halikubadilishwa, mpaka leo linaitwa "Weekly", la kila wiki. Sababu moja ni kwamba jina lilishakuwa mali. Ya pili mtu wa Kiswahili ataielewa mara moja: kuita jarida "la mwezi la wanawake" kwa Kiingereza kunagusa jambo lile lile tunalomaanisha tukisema dada yuko mwezini.

Ubaya wake ni wa namna mbili. Kwanza, mwanamke aliyejengewa ukurasa kwa miongo ya mwanzo alikuwa Mzungu wa tabaka la kati mwenye nyumba na jiko. Wanawake wa asili wa bara lile hawakuhesabiwa kuwa wasomaji. Sisi tulio Ugogo tukilichukua bila kupepeta, tutajikuta tunaandika kwa ajili ya mke wa ofisa wa Area D na kumsahau mama wa mlenda sokoni Majengo. Pili, umiliki. Lilitoka kwa ukoo wa Packer, mwaka 2012 likaangukia kampuni ya Bauer ya Ujerumani, mwaka 2020 likauzwa tena na sasa liko chini ya Are Media. Ndugu yake wa jirani, New Zealand Woman's Weekly, lililoanza mwaka 1932, lilifungwa Aprili 2020 wakati wa karantini ya korona mmiliki huyo huyo wa Ujerumani alipofunga shughuli zake zote nchini New Zealand. Miaka 88 ikazimwa kwa tangazo moja. Lilirudi mwaka huo huo mikononi mwa wengine, lakini fikirieni asubuhi ile kwa mhariri na kwa bibi aliyezoea kulipokea.

Jambo moja la heri kwa mwenye simu na bando: matoleo yake yote ya kila wiki, 1933 hadi 1982, Maktaba ya Taifa ya Australia imeyaweka bure kwenye mtandao wake uitwao Trove. Unaweza kukaa Nkuhungu ukafungua toleo la wiki aliyozaliwa mama yako. Nilifanya hivyo, na nikalala saa nane usiku.

London, sindano na mikataba

Woman's Weekly sitalikawiza. Lilianzishwa na Amalgamated Press, kampuni ya Alfred Harmsworth, yule bwana wa magazeti aliyejulikana kama Lord Northcliffe, kwa bei ya peni moja. Sifa yake kuu ilikuwa maelekezo ya kufuma, mpaka ikaandikwa kwenye jalada kwamba hilo ndilo linalovuma kwa kufuma. Miaka ya vita wanawake walifuma soksi na sweta za askari kwa maelekezo kama hayo. Kwa Dodoma, ambako upepo wa Julai unapenya dirisha lililofungwa, na ambako kuna akina mama wanaoishi kwa sweta za shule na vitambaa vya makochi, ukurasa wa kufuma si pambo hata kidogo. Ni kipato. Anayeweza kuufuata mstari kwa mstari ana sweta tatu za kuuza kabla mwezi haujaisha. Hapo London inawashinda wote.

Lakini kuna mwaka 2018. Waandishi wa hadithi walilalamika hadharani kwamba jarida limeanza kuwadai haki zote za kazi zao, na hapo hapo malipo yakapungua. Maana yake ukiwauzia hadithi, huwezi tena kuiweka kwenye kitabu chako mwenyewe. Wengi walioandika humo kwa miaka walijitoa. Mimi naona aibu kwa niaba yao. Mkitoa jarida lenu, hadithi ibaki ya aliyeitunga. Nyie mmeazima kuichapa mara moja. Iandikwe kwenye karatasi, isainiwe, hata kama mwandishi ni shemeji.

Lipo na The Lady, ambalo nalitaja kwa sababu ya kurasa zake za nyuma. Lilianzishwa Februari 1885 na Thomas Gibson Bowles, na kwa vizazi Waingereza wenye nafasi walilinunua kutafuta yaya, mpishi na mtunza nyumba. Matangazo madogo madogo ndiyo yaliyolibeba. Matangazo yalipohamia kwenye intaneti, nguzo iliondoka, na Aprili 2025, likiwa na miaka 140, likaacha kuchapwa. Atakayewaambia jarida letu litajiendesha kwa matangazo ya vyumba na viwanja, mwambieni hayo yote yameshahamia kwenye magrupu ya WhatsApp.

Tulivyofanya sisi

Wanakikundi wengine waliniambia, "Kwani Tanzania hatukuwa na letu?" Tulikuwa nalo. Mwaka 1987 waandishi wanawake waliunda chama chao, TAMWA, na mwaka 1988 wakatoa jarida la Sauti ya Siti. Jina walilitoa kwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji wa taarabu, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Kumchagua muuza vyungu kuwa jina la jarida ni uamuzi unaotosha kukueleza lilikusudia kusema na nani.

Sauti ya Siti liliyasema yale bibi wa kikoba chetu anayotaka yasemwe: kipigo, kubakwa, mirathi ya mjane, mtoto kuozwa. TAMWA na wenzao walipigania sheria, na mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Sijaona katika historia ya Dundee, Sydney wala London jarida la wanawake lililosimama karibu hivyo na mabadiliko ya sheria. Tofauti yake na yale matatu ni kwamba halikuwa la kila wiki, na lilitegemea ufadhili. Ufadhili una ratiba yake, na msomaji naye ana yake.

Kuna na Fema, la vijana, lililoanza mwaka 1999 na kusambazwa bure mashuleni. Zuri sana, ila ni la mara chache kwa mwaka. Na ukitaka ushahidi kwamba wasomaji wa Kiswahili huandika wakipewa nafasi, rudi hadi Mambo Leo, lililotolewa kila mwezi na serikali ya kikoloni kuanzia mwaka 1923. Lilikuwa la mkoloni, na nia yake ilikuwa ya mkoloni, lakini barua na mashairi yalitumwa kutoka kila pembe ya nchi, watu wakajibizana kwa beti. Kwa hiyo njia ya Dundee, ya kujaza jarida kwa mikono ya wasomaji, si ngeni hapa.

Yakiwekwa sambamba

Nani anaandika? Dundee, msomaji mwenyewe anaweza. Sydney, waandishi wa kuajiriwa, na msomaji anapata ukurasa wa barua. London, wataalamu wa kufuma na watunzi, ambao baadaye walibanwa. Sauti ya Siti, wanahabari wanawake waliofuata kisa mpaka mahakamani. Kikundi chetu hakina mwandishi wa kuajiriwa hata mmoja. Tuna mwalimu mstaafu mmoja, muuguzi mmoja, wasichana wawili wa UDOM, na mama 18 wenye visa. Kwa hesabu hiyo Dundee peke yake ndiyo inayolingana na tulichonacho.

Gharama je? Hapa naongea kama mtu wa steshenari. Karatasi moja ya A3 ikikunjwa ni kurasa nne za A4. Karatasi mbili ni kurasa nane, stepla mbili mgongoni, kazi imekwisha, na naweza kuzitoa dukani kwangu umeme ukiwepo. Hadithi, barua na michoro ya mistari havihitaji rangi. Jarida la Sydney, lenye picha za keki na mitindo, linataka rangi. Ukichapa keki kwa fotokopi nyeusi inafanana na kifusi. Rangi nzuri kwa nakala nyingi inamaanisha kiwanda cha uchapaji, mara nyingi Dar es Salaam. Treni ya umeme imeturahisishia safari tangu mwaka 2024, lakini bei ya karatasi ya kung'aa haijui treni. Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kupeleka kazi ya rangi kwa mchapaji mmoja, vipeperushi vya harusi, vikarudi nyuso zote zimekuwa za zambarau na harusi ni kesho yake. Toleo la kila wiki likichelewa au likiharibika namna hiyo mara mbili, msomaji ameondoka.

Siku ya kutoka. Yote matatu yalijengwa juu ya siku moja isiyobadilika, na Sydney ilipoiacha ikawa jarida jingine, hata likibaki na jina. Kama hatuwezi kila wiki, tusiseme kila wiki. Mimi naamini kurasa nane tunaziweza, kurasa 24 hatuziwezi.

Ujasiri. Hapo siwezi kuwapa wageni nafasi ya kwanza. Fomu ya Dundee ichukuliwe, lakini sheria yake ya kutosema mabaya ibaki huko huko. Ukurasa wa shangazi uwepo, na shangazi huyo asiwe wa kumwambia kila mwanamke avumilie. Majina yabadilishwe, kijiji kisitajwe, na kila kisa cha ukatili kiambatane na maelezo ya wapi pa kwenda, kuanzia dawati la jinsia la polisi.

Na sheria. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, gazeti au jarida linahitaji leseni, na Idara ya Habari inayozitoa iko hapa hapa mjini kwetu. Twende tukaulize kabla ya kuchapa nakala ya kuuza, tusingoje kuulizwa.

Basi, uchaguzi. Kikundi chenye wasimulizi wengi na fedha kidogo, kama chetu, kiende Dundee. Mliopo Area C na Ilazo, wenye mpishi aliyesomea, mpiga picha, na mfadhili asiyetaka kuwa mhariri, nendeni Sydney, ila mfanye la kila mwezi tangu siku ya kwanza na jiko la majaribio liwepo kweli. Kikundi cha mafundi, wafumaji na washonaji, wachukue ukurasa wa London, wauuze hata peke yake kama karatasi ya maelekezo. Nadhani utalipa kuliko jarida zima. Asasi zenye wanasheria na wanahabari zisiende nje kutafuta mfano. Sauti ya Siti liko nyumbani.

Niliyasoma haya yote mbele ya kikao Jumamosi iliyopita. Tulibishana mpaka jua likazama nyuma ya mti wa mwarobaini, kisha mikono ikapigwa: 19 Dundee, watatu Sydney, mmoja hakutaka jarida kabisa, anataka fedha zikanunue mbuzi, na haki yake ilisikilizwa. Tumekubaliana kurasa nane, Ijumaa, nyeusi na nyeupe, baada ya leseni kupatikana. Mengine, pamoja na jina, bado yanajadiliwa. Kuna wanaotaka liitwe kwa jina la muheme, kwa sababu Ugogo ngoma hiyo hupigwa na wanawake, nami nawaunga mkono.

Bibi yule asiyesema sana hajui kuandika. Jumatatu alikuja dukani na mjukuu wake wa kidato cha pili. Alisimulia kwa Kigogo, mjukuu akageuza kwa Kiswahili, mimi nikachapa. Kisa chake kinaanza na mwaka wa njaa, msichana wa miaka kumi na minne, na ng'ombe wanane waliofika uani kwao alfajiri bila yeye kuambiwa kwa nini. Alipofika pale msichana anaposikia mlango unafungwa kwa nje, bibi alichukua fimbo yake akainuka. Nikamwambia, "Bibi, na kisha?" Akasema yamalizike ya leo, sehemu ya pili ataileta Jumamosi.